Nyasi Alizoinua Koko

Baba yangu alikuwa mtunza bustani. Hilo sikuwaambia wenzangu wa ofisini kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kupiga chapa Nairobi. Wakiniuliza, nilisema mzee alikuwa serikalini, na huo haukuwa uongo mtupu, kwa sababu nyumba aliyotunza bustani yake ilikuwa ya serikali. Ilikaliwa na afisa mmoja mkubwa huko kwetu magharibi, na mbele yake palikuwa na uwanja wa nyasi uliokatwa ukakatika. Sisi tuliishi nyuma, chumba kimoja, karibu na tangi la maji, na njia yetu ya kwenda barabarani ilizunguka boma zima ili tusipite kwenye nyasi hizo.

Siku moja nilipita. Nilikuwa na miaka saba hivi, ilikuwa asubuhi, kulikuwa na umande, na nilitaka tu kujua unavyohisi miguuni. Mke wa afisa alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai. Aliacha kunywa. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akakata kifimbo kwenye ua na kunichapa mbele yake, mara nne. Kisha akapiga magoti akaanza kuziinua kwa vidole nyasi nilizolaza. Fimbo yenyewe nimeisahau, lakini ule mgongo wake ulioinama bado nauona.

Nimeanza na hayo makusudi. Nataka atakayesoma yaliyobaki ajue kwamba sikuwa mtu asiyejua.

Mwaka wa 1998 mimi na mume wangu tulihamia Kitengela, wilaya ya Kajiado, kusini mwa Nairobi, kwenye nyumba yetu wenyewe, kabla hata haijapakwa rangi. Kiwanja kilikuwa kidogo, kimekatwa kutoka shamba la familia moja ya Kimaasai ambayo vijana wake walikuwa wakiuza kipande baada ya kipande. Mama yao mzee alibaki na boma lake hatua kama mia mbili kutoka kwetu, na kila mwaka nyumba za watu wa mishahara zilimsogelea. Sote tulimwita Koko, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita.

Udongo wa Kitengela ni mweusi. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na mvua ikinyesha hugeuka ugali. Nilikuwa natoka nyumbani na viatu vya mpira, viatu vya ofisi nimevitia kwenye mfuko wa karatasi, na nikifika lami nabadilisha. Hata hivyo sikunusurika. Daima palibaki tope kidogo kwenye kisigino au upindo wa sketi, na wenzangu waliliona. "Shamba limefika," mmoja alikuwa akisema nikiingia, na wengine wanacheka. Mimi pia nilicheka, lakini ndani niliumia sana. Nilikuwa na nyumba yangu mwenyewe na wao walikuwa wakilipa kodi, lakini bado walinicheka.

Basi nikaweka nia. Tungefanya maombi ya kushukuru kwa nyumba, niwaalike wote, mama mkwe, watu wa kanisa na hao wa ofisini, na watakaposhuka langoni wakute nyasi. Sio majani. Nyasi za kulazwa, kijani kibichi, kutoka langoni mpaka mlangoni, wapite juu yake na viatu vyao safi. Mume wangu alidhani ni mzaha. "Watu wanaanza na dari," alisema, kwa sababu nyumba haikuwa na dari. Nilimwambia dari hakuna anayeiona akiwa barabarani.

Nilimwandikia baba. Alikuwa amestaafu zamani, yuko nyumbani na kuku wake. Alikuja Oktoba mwaka wa 1999 na beleshi lake mwenyewe, amelifunga kwa gunia, mpini umelainika kwa mikono yake. Alizunguka nyumba mara moja, akachukua bonge la udongo mweusi na kulifinya.

"Mama," aliniambia, kwani nilipewa jina la mama yake na hivyo ndivyo alivyoniita maisha yote, "hii udongo itakula nyasi yako. Ikikauka inavuta mizizi inakata. Lazima itoke."

Ilitoka. Alichimba futi nzima kuzunguka nyumba, siku baada ya siku, na mimi nikirudi kazini navua sketi navaa leso namsaidia mpaka giza liingie. Tuliujaza udongo mweusi kwenye wilbaro na kuumwaga nyuma, akaacha mteremko mdogo kutoka ukutani ili maji yasisimame kwenye msingi. Lori lilileta udongo mwekundu kutoka upande wa Ngong. Baba aliupepeta mawe, akauvunja mabonge kwa mgongo wa jembe, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, akavuta ubao juu yake mpaka pote pakawa sawasawa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyokuwa hodari, au pengine sikuwahi kutazama.

"Sasa tunataka mbolea," alisema. "Ya zamani, iliyooza. Mbichi itachoma."

Mbolea ya aina hiyo ilikuwa bomani kwa Koko. Tulikwenda mimi na baba Jumapili baada ya kanisa. Koko alikuwa mrefu, amekonda, shanga shingoni na bangili za shaba mkononi. Nilimsalimu kwa Kimaasai kidogo nilichojua: "Takwenya, Koko." Akajibu, "Iko." Baba naye akamsalimu kwa lugha ya kwetu, mulembe, ambayo ni kumtakia mtu amani, na Koko, asiyejua neno hilo, akamjibu tena, "Iko," kwa heshima zote. Wakatazamana wakacheka. Kuanzia hapo walikuwa marafiki.

Tulipomwuliza bei ya mbolea alitushangaa. "Hiyo ni mavi ya ng'ombe," alisema. "Nani anauza mavi? Beba. Beba yote." Tulibeba wilbaro ishirini na zaidi, nyeusi, laini, haina harufu hata kidogo. Koko alitusindikiza na ile ya mwisho. Alisimama kando ya udongo wetu uliosawazishwa akauliza tunapanda nini. Baba akamwambia nyasi.

Alifurahi sana. Alishika mkono wangu akasema, "Entito ai," ambayo ni msichana wangu, "umefanya mzuri. Watu wa hizi nyumba wanaweka simiti. Wewe unaweka nyasi." Alidhani tunaiweka kwa sababu ile ile ambayo yeye angeiweka. Nilimwambia asante, na nikamwalika kwenye maombi papo hapo, akaahidi kuleta maziwa ya kubariki nyumba.

Nyasi zenyewe zilikuja kwa pikapu, vipande vilivyokatwa mraba pamoja na udongo wake, vimepangwa kama keki ya harusi. Baba alinifundisha kuvilaza. Unaanza kwenye ukingo ulionyooka. Kipande kinasukumwa mpaka kimbane mwenzake, na safu ya pili inavuka maungio ya safu ya kwanza kama mawe ya ukuta. Pengo dogo linajazwa udongo uliochekechwa kwa vidole. Halafu unaweka ubao juu na kuupigapiga ili mizizi ishikane na ardhi, kisha maji, maji mengi. Tulimaliza mvua za Novemba zikianza. Baba alikaa wiki tatu zaidi kuzitazama zikishika, halafu akarudi kwa kuku wake na kuniachia beleshi.

Mvua hizo zilikuwa za kudanganya. Zilikatika mapema, na zilizofuata hazikuja. Wanaokumbuka mwaka wa 2000 huko Kajiado hawahitaji kuelezwa. Ardhi ilipauka. Ng'ombe walikuwa wakipita barabarani kuelekea Nairobi kutafuta majani kwenye kando za barabara za matajiri, na wengine walilala njiani wasiamke. Wana wa Koko waliswaga kundi lote upande wa Namanga, wavuke mpaka kama itabidi, wakamwachia mama yao ng'ombe mmoja wa maziwa kwa ajili ya wajukuu. Alikuwa mwekundu, baka jeupe kwenye nyonga.

Mimi nilikuwa nikimwagilia nyasi. Kila asubuhi mkokoteni wa punda uliniletea mitungi ya maji, na nusu yake ilikwenda nje. Watoto wangu walioga kwenye beseni ili maji yao yasipotee, nayo yalikwenda nje pia. Maombi yalikuwa yameahirishwa mara mbili, na kadiri kila kitu kilivyokauka ndivyo uwanja wangu ulivyozidi kupendeza. Ukisimama barabarani ulionekana peke yake, na watu walisimama kutazama. Niliandika kibao kwa rangi nyeupe, USIKANYAGE NYASI, nikakichomeka karibu na lango. Nasema ukweli, sikufikiria chochote nilipokiandika. Nilijiona tu mtu wa maana.

Mwishowe tukapanga maombi Jumapili moja ya Agosti. Jumamosi asubuhi nilimfungulia punda wa maji lango, na mimi mwenyewe, sio mtu mwingine, nikasahau kulifunga. Nilikuwa jikoni nachambua mchele niliposikia sauti ya kitu kinachoraruka, kidogo kidogo, bila kukoma. Nikatoka.

Ng'ombe wa Koko alikuwa katikati ya uwanja, anakula. Mbavu zake zilihesabika. Kila alipovuta, kipande kilinyanyuka na udongo wake mwekundu, na kwato zilikuwa zimetoboa mashimo kutoka langoni. Nilishika reki iliyokuwa ukutani nikampiga kwa mpini mgongoni. Alisogea hatua moja akainamisha tena kichwa. Nikampiga kwenye nyonga, kwenye mfupa, akasogea hatua nyingine akainamisha tena. Hicho ndicho kilichonipandisha wazimu, kwamba hakuona fimbo ni kitu mbele ya majani. Nilikuwa nawaza wageni wa kesho. Nilikuwa nalisikia lile neno, shamba limefika, kabla hata halijasemwa.

Koko alikuja mbio, na viatu vyake vya tairi, anahema. Aliposimama hakukanyaga ndani. Alisimama ukingoni, akanitazama nikipiga. Kisha akainama, akang'oa nyasi za kujaa kiganja, akainua mkono juu kabisa, bangili zikateremka mpaka kiwikoni, akabaki hivyo.

"Entito ai," alisema.

"Na wewe pia unang'oa?" nilimwambia. "Ng'ombe anakula, na wewe unang'oa?"

Mkono ulikuwa bado juu.

"Mliuza hii mahali," nilisema. "Mliuza, mkakula pesa. Sasa mnataka nini tena hapa?"

Nikampiga ng'ombe mara mbili zaidi, na mara ya pili magoti yake ya mbele yakaanguka. Halafu nilimwendea Koko, nikazichukua zile nyasi mkononi mwake. Sikuzinyakua kwa nguvu, kwa sababu hakuzishikilia. Alizifungulia kiganja. Aliuangalia mkono wake mtupu, akauteremsha polepole, akaenda kwa ng'ombe wake. Ng'ombe aliyedhoofika akianguka huinuliwa kwa mkia na pembe, na ni kazi ya watu wawili au watatu. Koko aliifanya peke yake, anamsemesha kwa sauti ya chini, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, na reki mkononi, na sikumsaidia. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasimama nilipo na kufumba macho.

Walipoondoka nilipiga magoti nikafanya kazi niliyofundishwa. Nilichekecha udongo nikajaza mashimo ya kwato. Zile nyasi alizong'oa Koko zilikuwa na mizizi bado. Nilizirudisha pale pale ukingoni, nikazibana kwa vidole, nikazimwagia maji ambayo wajukuu wake wangekunywa.

Baba alifika na basi saa tisa kwa ajili ya maombi ya kesho, amevaa koti lake la kanisani. Alisimama langoni, akasoma kibao kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Nilidhani atacheka. Kisha aliona udongo mpya kwenye mashimo, na jicho lake halikuhitaji kuambiwa ni kwato.

"Ni ng'ombe ya nani?"

"Ya Koko. Iliingia asubuhi. Niliifukuza."

"Ulifukuza na nini?"

Niligeuka kutazama ukutani. Alikwenda kuitazama reki, akarudi, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Alisema nini, yule mama?"

"Hakusema kitu, baba. Alikuja akang'oa nyasi akaisimamisha hivi." Nikamwonyesha.

Baba hakuijua maana ya jambo hilo zaidi yangu. Hakuwa Mmaasai, na Kimaasai chake kilikuwa kile kicheko cha Jumapili moja. Lakini uso wake ulibadilika. Akaanza kujisugua magoti.

"Mama," alisema, "siku ile nilikuchapa, unakumbuka? Kule kwa mkubwa."

"Nakumbuka."

"Nilikuchapa kwa sababu ile nyasi haikuwa yangu. Ningefanya nini? Lakini hii ni yako." Alinyoosha mkono kuelekea uwanja. "Hii ni yako, mama."

Alivua koti, akaenda kwa Koko peke yake. Alirudi jua likizama na hakuniambia walizungumza nini.

Maombi yalikwenda vizuri. Wenzangu walishuka langoni wakashika vinywa. Yule wa kunicheka alivua viatu apite miguu mitupu, na nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka, lakini ilipofika sikuusikia utamu wake. Nilikuwa nimejigamba kwao kwamba jirani yetu Mmaasai atakuja na maziwa abariki nyumba. Mmoja akauliza, "Na yule Koko wako yuko wapi?" Nikasema ni mgonjwa. Baba alikuwa ameketi kando yangu na sahani ya wali. Aliinamisha kichwa akaendelea kula. Jumatatu alipoondoka nilikuta kibao changu kimeng'olewa, kimeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, maandishi yakitazama ukuta.

Yule ng'ombe alikufa baada ya wiki mbili hivi. Niliona ngozi yake imetandazwa juani, baka jeupe likionekana kutoka barabarani. Sijui aliuawa na njaa au na mimi. Kwa miaka niliwaambia watu, na nikajiambia mwenyewe, kwamba ng'ombe wengi walikufa mwaka ule. Nilimtuma mwanangu na pakiti mbili za maziwa kwa wajukuu. Zilipokelewa, na mtoto akarudi na ashe oleng, asante sana. Afadhali zingerudishwa.

Mvua zilikuja, makundi yakarudi, nyumba zikaongezeka. Mimi na Koko tulisalimiana tukikutana njiani, takwenya, iko, na kila mtu akashika njia yake. Hakuwahi kuingia tena langoni kwangu. Nilijua kwamba nilimkosea. Nilidhani nalijua kosa lenyewe, kwamba nilimpigia ng'ombe na kumtolea maneno mabaya, na nikawa najipanga kwenda kuomba msamaha siku nikipata nafasi. Sikupata nafasi kwa miaka mitano, na duka la kununulia mkate lilikuwa mbele ya boma lake.

Mwaka wa 2005 nilikwenda Kajiado mjini kwa ajili ya hati ya kiwanja. Pale kwenye ofisi ya ardhi foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye kiwanja cha magari. Wazee wawili waliokuwa mbele yetu walianza kugombana juu ya mpaka wa mashamba yao. Maneno yakapanda, mmoja akainua rungu, na watu wakaanza kurudi nyuma. Yule mwingine hakukimbia. Aliinama, akang'oa majani makavu yaliyoota kando ya simiti, akayainua.

Rungu likasimama hewani. Mzee aliyelishika alibaki akipumua kwa nguvu, halafu akaliteremsha, akaenda kuketi ukutani. Ugomvi ukaisha hivyo.

Nilimwuliza mama aliyekuwa nyuma yangu, Mmaasai wa makamo aliyekuja na faili lake, ni nini hicho.

"Ameomba amani," alisema. "Ukionyeshwa nyasi, unaacha. Hata kama ni adui yako. Nyasi ndiyo inalisha ng'ombe, na ng'ombe inalisha sisi. Huwezi kupiga mtu ameshika nyasi."

"Na mtu akikataa?"

Alifikiri kidogo. "Hapana," alisema. "Mimi sijawahi kuona mtu wa kukataa."

Nilitoka kwenye foleni nikaenda nyuma ya jengo, nikashika ukuta. Na wewe pia unang'oa? Sauti yangu niliisikia vizuri kabisa. Kisha, kwa sababu ndivyo mtu alivyo, nilirudi nikapanga foleni upya, na jioni nikaenda nyumbani na hati inayosema kwamba mahali pale ni pangu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ukingoni mwa uwanja. Zile nyasi nilizozirudisha zilikuwa zimeshika, zimeenea, na hapakuwa na alama yoyote. Lakini nilipajua. Niling'oa za kujaa kiganja nikatoka nazo langoni, na nilipokuwa njiani nilizificha kwenye leso, kwa kuona haya ya majirani.

Koko alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, ukungu mweupe machoni. Nilimsalimu akanijua kwa sauti. Nilisimama mbele yake nikainua mkono kama alivyofanya yeye, nikawa nangoja, na ilinichukua muda kutambua kwamba haoni. Ikabidi nichuchumae nimtilie nyasi kiganjani.

Alizipapasa. Alizinusa. Vidole vyake vikapita kwenye jani moja, kwenye mzizi, kwenye udongo mwekundu.

"Koko," nilisema, "nimekuja kwa sababu ya—"

"Basi," alisema. "Imeisha." Alizifumbata. Hakungoja hata nimalize. Alikuwa amenipa kwa pumzi moja kitu alichoniomba mimi akiwa amesimama na mkono juu.

Tukakaa. Baadaye akasema, kama mtu anayeuliza habari ya kawaida, "Siku ile, mimi nilifikiri unajua."

"Sikujua, Koko. Kwetu hatuna hiyo. Nimeijua jana, kule Kajiado."

"Jana?"

"Jana."

Aliachia pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kabisa. "Miaka yote nilikuwa nasema, huyu msichana aliona nyasi, akakataa. Nilikuwa naogopa laana itashika watoto wako." Akacheka kidogo, akanipapasa kichwani. "Kumbe hukujua. Ah, kama hukujua, si makosa yako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Niseme kwamba baba naye hakuijua desturi hiyo, lakini alielewa kwa kuonyeshwa tu. Niseme kwamba nilimwona mwanamke mzee amesimama na mkono juu, akiniita msichana wangu, na hakuna mtu anayehitaji kufundishwa hilo maana yake nini. Nililijua tangu nikiwa na miaka saba. Lakini alikuwa na furaha, na mkono wake ulikuwa kichwani pangu, na nikauacha msamaha ukae juu ya kisingizio hicho, mpaka alipokufa.

Alimwita mjukuu alete chai. Ililetwa kwenye kikombe cha bati, nikainywa yote, na ilikuwa na maziwa.